Saund: Mkulima aliyesubiri uraia miaka 29 na kuishia bungeni

MNAMO 1950 wakazi wa mji mdogo wa Westmorland, katika jimbo la California nchini Marekani, walimchagua mkulima mmoja awe hakimu wao. Hata hivyo, hakukalia kiti hicho. Ushindi wake ulibatilishwa kwa sababu alikuwa hajatimiza mwaka mmoja tangu apewe uraia.

Mkulima huyo, Dalip Singh Saund, alikuwa ameishi Marekani kwa miaka 30.

Saund alizaliwa 1899 katika kijiji cha Chhajulwadi, Punjab, eneo walikotoka pia mafundi wengi wa Kihindi waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Alilelewa katika dini ya Sikh. Alifika Marekani 1920 kusomea uhifadhi wa vyakula katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, lakini akageukia hisabati na kupata shahada ya uzamifu 1924.

Elimu hiyo haikumfaa kitu. Mwaka mmoja awali, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba Wahindi hawastahiki uraia kwa kuwa si weupe. Sheria ya California nayo iliwanyima watu wa aina hiyo haki ya kumiliki mashamba. Ndipo msomi huyo akaenda katika bonde la Imperial, akasimamia wachumaji pamba, kisha akaingia katika kilimo.

Badala ya kunung'unika, aliamua kuikabili sheria yenyewe. Katika miaka ya 1940 aliongoza chama cha Wahindi kilichoshinikiza Bunge la Congress ligeuze msimamo. Rais Harry Truman alitia saini sheria mpya Julai 2, 1946, na Saund akapata uraia Desemba 1949.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Alikubali uamuzi wa 1950, akarudi kwa wapiga kura 1952 na kutwaa uhakimu.

Mnamo 1956 aliwania ubunge kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mpinzani wake alikuwa Jacqueline Cochran wa Republican, rubani mashuhuri na mke wa tajiri mkubwa. Rais Dwight Eisenhower wa Republican alishinda kwa kishindo mwaka huo, lakini Saund alimbwaga Cochran. Akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuchaguliwa mbunge kamili wa Congress.

Alihudumu kwa vipindi vitatu, akaketi katika kamati ya mashauri ya kigeni na kuunga mkono sheria ya haki za raia ya 1957. Mei 1962 alipatwa na kiharusi kilichomnyima uwezo wa kujifanyia kampeni, na Novemba akapoteza kiti. Alifariki Aprili 22, 1973.

Ilipita miaka 42 baada ya Saund kuondoka kabla ya mwingine mwenye asili ya India, Bobby Jindal wa Republican, kuingia katika bunge hilo 2005.