Ernest Everett Just, mchunguzi wa yai na mwanzo wa uhai

Katika madarasa ya biolojia, kuanzia Kigali hadi Chicago, swali ni lile lile: yai moja huwezaje kuwa kiumbe mwenye ngozi, damu na mifupa, ilhali seli zake hurithi jeni zile zile? Miongoni mwa waliolishughulikia mapema ni Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1941.

Just alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 mjini Charleston, jimbo la South Carolina. Alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa na mama yake aliyekuwa mwalimu. Mwaka 1907 alihitimu kwa alama za juu katika Chuo cha Dartmouth, akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilichosomesha hasa watu weusi.

Kuanzia mwaka 1909, kiangazi baada ya kiangazi, alikwenda Woods Hole, kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini. Huko alichunguza mayai ya minyoo wa baharini na mwaka 1912 akaonyesha kwamba mahali inapoingilia mbegu ya kiume ndipo unapopita mgawanyiko wa kwanza wa yai. Mwaka 1915 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Spingarn, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Chicago.

Wengi wa wakati wake waliona kuwa kiini cha seli ndicho chenye mamlaka yote. Just alishikilia kwamba ute unaokizunguka kiini, pamoja na uso wa seli, navyo vina neno: mabadilishano baina yao ndiyo huamua seli ipi iwe nini. Si maelezo yake yote yaliyodumu, lakini leo inajulikana kwamba jeni hazijiamulii zenyewe.

Kwa sababu ya rangi yake, hakuna chuo kikuu kikubwa cha wazungu nchini mwake kilichompa kazi. Mwaka 1929 alikwenda Naples, Italia, kisha Berlin. Wanazi waliposhika madaraka, alihamishia utafiti wake Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia nchi hiyo, naye akafungwa kambini kwa muda. Alirejea Marekani, akafariki kwa saratani ya kongosho tarehe 27 Oktoba 1941, akiwa na umri wa miaka 58.

Mwaka 1996 nchi iliyomfungia milango ya vyuo vyake ilitoa stempu yenye picha yake.