Amy Johnson: Kutoka London hadi Australia kwa siku 19

Leo abiria hufika Australia kutoka London kwa siku moja. Tumkumbuke aliyekwenda wakati safari hiyo ilikuwa ya kuhatarisha maisha.

Amy Johnson alizaliwa Hull, Uingereza, mwaka 1903. Akiwa karani wa kupiga chapa, alijifunza urubani na ufundi wa ndege.

Mei 5, 1930 aliondoka London peke yake, kwa ndege ndogo ya injini moja isiyo na redio. Moja kwa moja, Darwin iko karibu kilomita 14,000. Yeye aliruka takriban 18,000, kwani ilimlazimu kutua mara kwa mara kujaza mafuta na kufanya matengenezo. Alifika Mei 24, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo peke yake.

Januari 1941, akipeleka ndege ya kijeshi, aliangukia majini kwenye mlango wa mto Thames. Mwili wake haukupatikana.