Mwalimu Aggrey, Mwanafunzi Hadi Kufa

Ndugu wenzangu mliosoma zamani, nanyi vijana mnaoketi leo kwenye madawati yetu,

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikwenda likizo kwa mjomba wangu Kariakoo, Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Aggrey. Niliporudi shuleni nikijisifu kwamba naijua Kariakoo yote, mwalimu wetu wa historia aliniuliza Aggrey ni nani. Nilidhani ni Mzungu mwenye duka. Darasa lilicheka, nami nikapewa adhabu ya kwenda maktaba na kurudi na jibu. Adhabu ile imenifaa kuliko zawadi nyingi nilizopata baadaye.

James Emman Kwegyir Aggrey alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa pwani wa Anomabo, nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Baba yake alikuwa msemaji wa mtawala wa mji. Kijana huyu alisoma shule ya misheni, akawa mwalimu, na mwaka 1898 akavuka bahari kwenda Marekani kutafuta elimu zaidi. Alisoma Livingstone College, mjini Salisbury, North Carolina, akahitimu mwaka 1902, kisha akabaki hapo kufundisha.

Miaka kama ishirini aliishi maisha ya kawaida. Alifundisha chuoni, akachunga makanisa madogo ya watu weusi wa shamba, akalea watoto na mkewe Rosebud. Mshahara haukuwa mnono. Hata hivyo kila alipopata nafasi alikwenda New York kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, na kukaa darasani kama kijana.

Mwaka 1920 Mfuko wa Phelps-Stokes ulimchagua kuingia katika tume ya kuchunguza elimu ya Afrika. Katika tume hiyo yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mwafrika. Alipita Afrika Magharibi, Kongo, Angola hadi Afrika Kusini. Mwaka 1924 tume ya pili ilimleta Afrika Mashariki, na Tanganyika ikiwamo. Wazee wa Dar es Salaam walisimulia kwamba alikutana na Kleist Sykes na kumshauri Waafrika waungane. Mwaka 1929 chama cha African Association kilianzishwa. Kwa hiyo mtaa ule haukupewa jina lake bure.

Wako waliomlaumu kuwa alikuwa mpole mno mbele ya wakoloni. Aliamini kwamba weusi na weupe wakishirikiana watatoa sauti nzuri, kama vibao vyeusi na vyeupe vya piano. Na ndiyo nembo ya shule ya Achimota, karibu na Accra, aliyosaidia kuianzisha pamoja na Gavana Guggisberg na Mchungaji Fraser. Lakini upole wake haukuzaa watu wa kuinama. Nnamdi Azikiwe alimsikia Lagos akiwa kijana, na Kwame Nkrumah alimjua Accra akiwa mwanafunzi wa ualimu. Wote wawili baadaye waliongoza nchi zao kwenye uhuru. Tena Aggrey ndiye aliyeshikilia kwamba wasichana nao wapokelewe Achimota.

Shule hiyo ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye alirudi New York kumalizia maandiko ya shahada yake ya udaktari. Aliugua ghafla, akafariki Julai 30, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Kazi ile hakuimaliza.

Zamani niliona kifo hicho kama hasara tupu. Sasa naona vingine. Mimi baada ya kidato cha sita niliajiriwa, nikaweka vitabu kabatini, nikajiona nimefika. Nilipofikisha miaka 49 nilimkumbuka Aggrey, nikajiandikisha Chuo Kikuu Huria. Wanangu walinicheka kama darasa lilivyonicheka. Nilichukua miaka saba, lakini nilimaliza.

Vijana, mkipita Mtaa wa Aggrey kununua viatu, mkumbukeni mwenye jina. Nasi wazee wenzangu, kabati bado lina vitabu. Tukutane salama siku ya mkutano wetu.