LAITI DEREVA ANGALINYOOSHA NJIA

Sisi sote tunamjua Franz Ferdinand kwa kufa tu. Tunakariri Sarajevo, 28 Juni 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, basi! Lakini bwana huyu alikuwa nani hasa?

Alizaliwa mjini Graz, Austria, mwaka wa 1863. Mfalme Franz Joseph alikuwa ndugu ya babake. Mwana wa mfalme alijiua mwaka wa 1889, na babake Ferdinand alipofariki 1896, urithi wa kiti ukamwangukia yeye. Alikuwa mtu wa hamaki, mwindaji kupindukia, na huko Vienna wengi hawakumpenda. Sophie Chotek alimpenda. Ikulu ilimwona Sophie kuwa wa ukoo mdogo, kwa hivyo tarehe 28 Juni 1900 Ferdinand akala kiapo kwamba watoto wao hawatarithi kiti cha ufalme. Ndipo wakaoana.

Sasa sikiza jambo ambalo wengi hulipita. Mtu huyu hakutaka vita! Mkuu wa majeshi, Conrad von Hötzendorf, kila mara alitaka Serbia ishambuliwe. Mwaka wa 1913 Ferdinand alimpinga, akihofia kwamba Urusi ingeingia.

Siku ile kule Sarajevo alirushiwa bomu asubuhi, likalipuka chini ya gari la nyuma. Mwingine angalitoroka. Yeye akataka kwenda hospitali kumwona aliyejeruhiwa. Njia ikabadilishwa, dereva asiambiwe. Akakata kona, akapigiwa kelele, akasimamisha gari ili arudi nyuma, papo hapo alipokuwa Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Risasi mbili tu. Sophie alikufa kando ya mumewe, miaka 14 kamili tangu kile kiapo.

Je, dereva angalinyoosha? Wapo wanaobisha kwamba Ulaya ilikuwa imejaa silaha na sababu nyingine ingalipatikana. Labda. Lakini mimi naona Conrad angalikosa kisingizio, na yule wa kumkatalia angalirudi Vienna akiwa hai, kungoja kiti cha mfalme wa miaka 83. Huenda mwaka ule ungalipita hivi hivi. Waingereza na Wajerumani wasingalipigana Tanga mwezi wa Novemba, wala babu zetu wasingalitolewa vijijini kwa maelfu kubeba risasi na unga, wengi wasirudi. Na pale Nairobi, Kariokor, mtaa uliopata jina kwa kikosi cha wapagazi hao, ungaliitwa vingine.