MTOTO ALIYEZALIWA KAMBINI: MAISHA YA BAYUME HUSEN

Sisi tunaokaa Ruiru na kusomea Thika tumeyazoea mambo ya jeshi. Kahawa kuna kambi, Thika pia kuna kambi, na malori ya askari tunapishana nayo barabarani kila siku. Mdogo wangu wa miaka kumi hupiga gwaride uani na fimbo begani, na sisi sote hucheka. Nilicheka hadi nilipoyasoma maisha ya mtu ninayetaka kuwasimulia leo.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati Mjerumani alipokuwa akiitawala Tanganyika. Jina lake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, lakini huko Ulaya alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Siku hizo mtoto wa askari alikua akisikia tarumbeta, na njia yake ilikuwa kama imeshachorwa.

Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, Husen aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi tu! Alifundishwa kazi ya kupeleka habari kwa ishara. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika vita vya Mahiwa, karibu na Lindi, kisha akatekwa na Waingereza. Hebu hesabu mwenyewe: miaka kumi na mitatu. Wengine wetu tulikuwa Kidato cha Kwanza kwa umri huo, tukililia nyumbani.

Ndugu msomaji, usidhani hayo ni mambo ya mbali. Upande wa pili pale Mahiwa walipigana Waafrika wenzake, wakiwemo askari wa KAR. Nao wapagazi wengi kutoka Kenya walikufa kwa maradhi na njaa katika vita hivyo. Ukishuka matatu ya Thika pale Ngara, mtaa wa Kariokor hauko mbali. Jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Vita vilipokwisha, Husen alifanya kazi katika meli. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Basi akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa mkahawa, na halafu akapata kazi ambayo sisi wa chama hiki tutaipenda: alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Aliigiza pia katika filamu nyingi. Januari 1933 alioa mwanamke Mjerumani, na mwezi uleule Hitler akashika madaraka.

Hapa ndipo panaponisikitisha. Chini ya serikali ile iliyombagua mtu mweusi, Husen aliomba nishani ya askari aliyepigana vitani. Alinyimwa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea tena kwenda kupigana. Akakataliwa. Wengine husema alikuwa kibaraka, eti aliwapenda wakoloni. Mimi siwaungi mkono. Mtoto anayepewa bunduki na sifa akiwa na miaka kumi, atajuaje kwamba kuna njia nyingine ya kuwa mtu? Samaki mkunje angali mbichi. Wao walimkunja, na alipokauka wakamtupa.

Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, yuleyule aliyewanyang'anya watu wa Tanganyika ardhi yao. Mwaka huohuo Husen alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka arobaini. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa mjini Berlin.

Alidai mishahara na nishani, vitu vinavyoandikwa kwenye daftari. Lakini deni kubwa zaidi lilikuwa utoto wake, na hilo hakuna aliyeliandika popote. Kenya yetu imekataza kumwandikisha jeshini mtoto chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ililisema jambo hilo wazi. Hata hivyo, Afrika ya Mashariki na Kati imeshuhudia watoto wengi wakibebeshwa bunduki, kule Kongo na kaskazini mwa Uganda.

Jioni moja nilimkuta mdogo wangu tena na fimbo yake. Sikumkataza, maana mchezo ni mchezo. Nilimwambia tu gwaride likiisha aitupe fimbo, aje tucheze mpira. Akaitupa mara moja. Husen hakuwahi kuambiwa hivyo.