Annalena Tonelli: Jirani wa Wagonjwa wa Jangwani

Hapa kambini tumechanganyika. Wapo kati yetu majirani waliotoka Kudhaa na visiwa vingine vya Wabajuni, watu wa bahari waliokimbia baada ya vita kulipuka Somalia mwaka 1991, wakaacha mashua na nyavu zao. Wao ni Waislamu, sisi ni Wakristo, na maji tunapanga foleni moja. Siku posho inapopungua, swali la yule mwanasheria katika Luka 10 linarudi kwetu: ni nani hasa wa kuhesabiwa jirani? Tumwangalie mtu mmoja aliyelijibu kwa maisha yake, katika nchi hiyohiyo ya Somalia.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Naye alisomea sheria, lakini tangu ujana alitumia muda wake kwa maskini wa mji wake. Mwaka 1969 alikuja Kenya, akafundisha shule, kisha akaenda Wajir, kwenye joto na ukame. Hakuwa mtawa wala daktari. Hakuwa na mshahara. Ndugu na marafiki wa nyumbani ndio waliomtumia misaada. Alivaa kama wanawake wa Kisomali, akajifunza lugha yao, akaishi na vitu vichache sana.

Wajir aliwakuta wafugaji wa kuhamahama wakifa kwa kifua kikuu. Mgonjwa alianza dawa, akipata nafuu anaondoka kufuata mifugo, na ugonjwa unarudi. Annalena hakuwalaumu. Aliwakaribisha wajenge vibanda vyao karibu na kituo, wakae na kumeza dawa kila siku mbele ya mhudumu, hadi miezi sita itimie. Mwaka 1976 alikabidhiwa kuongoza mradi wa majaribio wa kazi hiyo. Leo kumeza dawa mbele ya mhudumu ni jambo la kawaida katika zahanati nyingi duniani.

Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Waliteswa, na wengi waliuawa. Watu waliogopa kusogea. Annalena alitoka kutafuta majeruhi na maiti waliotupwa porini, akawatibu walio hai na kusaidia kuwazika waliokufa. Pia alisaidia habari hizo zifike nje. Mwaka 1985 ilimbidi aondoke Kenya.

Akaenda Somalia. Alihudumu Beled Weyne, Mogadishu na Merca, na vita vilipokuja aliendelea kulisha wenye njaa na kutibu wagonjwa. Mwaka 1996 alianza upya Borama, kaskazini, akajenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Wapo waliompinga kwa sababu ni Mkristo na mgeni, na kwa sababu aliwapokea wenye UKIMWI. Hakuwadai wagonjwa wake wabadili dini. Mwaka 2003 UNHCR, shirika tunalolijua sote, lilimpa Tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 5 Oktoba 2003, alipigwa risasi katika hospitali yake huko Borama, akafa akiwa na miaka 60.

Ndugu, Msamaria alitoa mafuta, divai, punda wake na dinari mbili. Lakini kabla ya hayo yote alisimama, akachelewa safari yake. Annalena naye alitoa zaidi ya dawa: alikaa miezi sita na kila mgonjwa, na akarudi kuanza na mwingine, kwa zaidi ya miaka 30. Sisi tunaosubiri posho tunadhani hatuna cha kutoa. Lakini kuna mgonjwa hapa kambini ambaye dawa anazo, anakosa mtu wa kumkumbusha asiache. Kuna mama asiyeweza kubeba dumu lake. Kuna mzee wa Kudhaa asiyejua kusoma barua aliyoitiwa ofisini. Hayo hayahitaji fedha, wala kumuuliza mtu anasali wapi.

Wiki hii kila jumuiya ndogo ndogo isome Luka 10:25-37, ichague jirani mmoja asiye wa kanisa letu, imtembelee, na isiishie siku moja. Mungu awabariki.