Augusta Savage: Mchongaji aliyevipa vipaji vya Harlem mahali pa kukulia

Augusta Savage alikuwa mchongaji sanamu Mmarekani Mweusi. Kazi zake nyingi zimepotea, lakini wasanii aliowafundisha mjini New York wanaenziwa katika makumbusho ya Marekani hadi leo.

Alianzaje?

Alizaliwa Februari 29, 1892, Green Cove Springs, jimbo la Florida, mji uliojulikana kwa udongo wa matofali. Utotoni alifinyanga bata na wanyama wengine kwa udongo huo. Baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, aliona sanamu hizo ni dhambi na alimchapa mara kwa mara.

Mwaka 1921 alihamia New York akiwa na dola chache mfukoni, akakubaliwa na Cooper Union, chuo ambacho wakati huo hakikutoza ada. Alipopoteza kibarua na kukosa pesa za kodi ya nyumba, chuo kilimpa fedha za kujikimu. Marafiki wa maktaba ya Harlem nao walimpatia kazi ya kuchonga sanamu ya mwanazuoni W. E. B. Du Bois.

Kwa nini alikataliwa?

Mwaka 1923 aliomba kusoma Fontainebleau, Ufaransa. Kamati ya Wamarekani weupe ilimnyima nafasi ilipogundua kuwa ni Mweusi, ikidai wanafunzi weupe wa majimbo ya Kusini wasingependa kuwa naye. Savage alilipeleka suala hilo magazetini, lakini uamuzi haukubadilika.

Mwaka 1925 alipata nafasi Roma. Ada ilikuwa imefutwa, ila nauli na pesa za matumizi hakuwa nazo. Wakati huo alikuwa akifua nguo za watu kwa ujira na kuwatunza wazazi wake. Safari ikafa.

Nani walimsaidia?

Mwaka 1929 sanamu yake ya kichwa cha kijana wa mtaani, iitwayo Gamin, ilimpatia ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald. Haba na haba hujaza kibaba: watu wa Harlem waliandaa tafrija za kuchangisha, vikundi vya wanawake Weusi vikatoa walichonacho, na walimu Weusi wa Florida wakatuma michango. Hatimaye akafika Paris.

Naye aliwasaidiaje wengine?

Aliporejea, Marekani ilikuwa katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Alifungua karakana Harlem na kufundisha bure watoto kwa watu wazima. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Sanaa cha Jamii cha Harlem, kilichogharamiwa na serikali na kuhudumia wanafunzi wapatao 1,500.

Savage alijua kwamba kipaji bila riziki hakifiki mbali. Alimpeleka kijana Jacob Lawrence katika ofisi ya mpango wa serikali uliowalipa wasanii mishahara. Lawrence alikataliwa kwa kuwa hajatimiza miaka 21. Mwaka uliofuata Savage alimrudisha, na safari hii akaandikishwa.

Kazi zake ziko wapi?

Kwa Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939, alitengeneza sanamu ya waimbaji Weusi waliojipanga kwa umbo la kinubi, yenye urefu wa karibu mita tano. Ilikuwa ya plasta. Fedha za kuitengeneza kwa shaba hazikupatikana, hivyo maonyesho yalipokwisha ilivunjwa. Aliporudi kituoni, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na kituo chenyewe kilifungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Alihamia kijijini karibu na Saugerties, akafariki Machi 1962. Aliamini kuwa ukumbusho wake ungekuwa kazi za wanafunzi wake. Lawrence alichora picha 60 kuhusu Weusi waliohama Kusini kutafuta maisha. Leo zinahifadhiwa na makumbusho mawili, moja New York na jingine Washington.